Kufunga Mdomo Juu ya Lualaba

Mimi sina subira na mtu anayeulizwa swali akanyamaza. Pengine ndiyo sababu niliipenda kazi hii. Kila baada ya miaka miwili sheria inataka ndege ipimwe kisanduku chake cha kujibu rada, tunachokiita transponda, na mimi ni mmoja wa mafundi wanaozunguka na mashine ya kupimia, Goma, Bukavu, Kindu, popote zinapolala ndege ndogo. Kazi ya kisanduku ni moja tu. Rada ikikiuliza, au ndege nyingine ikikiuliza, "Ni nani huko?", kinataja namba yake na urefu ilipo ndege angani. Hakinuni wala hakisingizii kichwa kuuma. Kikiwa kizima kinajibu, kikinyamaza ninakifungua kwa bisibisi. Laiti ningeweza kuwafanyia hivyo watu wa kwetu.

Kwetu ni Kindu. Nyumba ya mama haiko mbali na uwanja wa ndege, na kaka yangu mkubwa, ambaye sote wadogo zake tunamwita yaya, alikuwa rubani kabla mimi sijaanza kuvaa viatu vya shule. Siku hizi harushi tena. Anakaa kwa mama, anapalilia mihogo nyuma ya nyumba, na watu wakimwita komanda anajibu kwa adabu kana kwamba wanamwita mtu mwingine. Nitaeleza alivyoshuka, kwa kuwa mjini wanasema alishushwa na dada yake mwenyewe, yaani mimi, na maneno hayo yamenichosha.

Miaka ya vita reli ilikufa, barabara zilifungwa, na aliyevuka mto kwenda shambani upande wa Alunguli aliaga nyumbani kama mtu wa safari ndefu. Wenye silaha walikuwa mjini, wenye silaha wengine walikuwa porini, na sisi tulikuwa katikati na sufuria tupu. Chumvi, sabuni, dawa ya malaria, vyote vilitoka angani. Yaya alikuwa kijana, rubani msaidizi, anakaa kiti cha kulia katika ndege chakavu ambayo abiria wake walikalia magunia ya chumvi kwa kuwa viti viling'olewa zamani.

Ndege ilipotoka mashariki ilikuwa lazima ivuke mto Lualaba ikiwa tayari imeshuka, iko chini na polepole, na msitu uko karibu pande zote. Hapo ndipo marubani walipoogopa roketi. Basi wakajiwekea desturi. Mto ukionekana, anayekaa kulia ananyoosha mkono na kuizima transponda, ili ndege isijibu lolote, isijitaje kwa yeyote aliye chini. Waliita kufunga mdomo. Hakuna kitabu kilichowafundisha. Mmoja alianza, akafika salama, na wengine wakamfuata.

Desturi haikubaki kwa marubani. Wanawake wa biashara waliokalia yale magunia waliuona mkono wa rubani ukienda, nao wakafunga midomo yao. Mmoja aliweka kiganja juu ya kinywa, wenzake wakamwona, na ndege nzima ikanyamaza mpaka magurudumu yaguse ardhi. Mtoto akitaka kulia alipewa ziwa haraka. Chini pia tulikuwa na namna yetu. Mama, akiwa anatwanga sombe, yale majani ya mihogo, aliposikia injini upande wa mto aliusimamisha mchi ndani ya kinu. Jirani naye aliusimamisha wake, na jirani wa jirani. Mtaa mzima ulisimama hivyo, michi mikononi, na hakuna aliyetaja jina la mtu aliyemo ndani ya ndege ile. Ndege ikishagusa chini, twi twi twi, sombe inaendelea.

Mimi nilikuwa mtoto na ukimya ule ulinitia hasira. Nilitaka kuuliza, "Ni yaya?" Nikifungua kinywa, mama ananitolea jicho.

Kisha ikaja siku ambayo malaria ilimlaza yaya. Kiti chake cha kulia kilikaliwa na rubani mwingine, mgeni, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwezi nasi. Alikuwa mtu wa kucheka, alikula kwetu mara kadhaa na kuisifu sombe ya mama. Ndege ile haikurudi. Iliangukia msituni ng'ambo ya mto, na walioweza kufika huko hawakuwa watu wa kueleza walichokiona. Ilikuwa roketi au ilikuwa injini iliyochoka? Hata leo hakuna ajuaye. Lakini mji ulijipa jibu lake kabla jioni haijaingia: mgeni hakufunga mdomo.

Yaya alilisikia jibu hilo akiwa bado kitandani, anatetemeka kwa homa. Alilia kwa sauti, nami nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia hivyo. Mara moja tu, miaka kadhaa baadaye, tukiwa tunachambua mchele, alisema bila kuniangalia, "Ile desturi nilikuwa nimufundishe. Nilisemaka nitamufundisha kesho." Akaendelea kuchambua. Hakuirudia tena habari hiyo, na kwetu jambo lisilorudiwa halijazikwa, limekaa tu sebuleni pamoja nanyi.

Mimi nikaenda kusoma ufundi wa vyombo vya ndege. Katika mwaka wa kwanza nilimuuliza mwalimu: roketi inayorushwa begani, inaweza kusikia transponda? Akanieleza kwamba roketi ya namna hiyo hufuata joto la injini, haina sikio. Ili kusikia kisanduku lazima uwe na chombo cha kukiuliza, na watu wa porini kwetu hawakuwa nacho, wengine hata viatu hawakuwa navyo. Niliyaandika majibu hayo vizuri, nikafaulu mtihani. Lakini nyumbani sikujua nimpelekee nani.

Miaka ikapita, vita ikaitwa imekwisha, yaya akahamia kiti cha kushoto, akawa komanda wa ndege ya injini mbili ya kampuni ndogo isiyo na makuu. Ilibeba abiria na mizigo kati ya Kindu, Kalima na miji ya mashariki. Ndipo malalamiko yakaanza. Marubani wa helikopta nyeupe za watu wa misaada, ambao kioo chao huwaonyesha kila ndege inayojibu karibu nao, walisema ndege ya kampuni ile inakuja vizuri kabisa, inaonekana, halafu ikifika mto inapotea. Mara ya kwanza walidhani kioo chao kimechoka. Mara ya pili waliiona kwa macho, mbele ya pua yao, wakapinda kwa nguvu mpaka mizigo ikamwagika. Helikopta ilikuwa na watu ndani. Ndege ya yaya pia.

Mwenye kampuni aliniita, kwani muda wa kupima kisanduku ulikuwa umefika hata bila malalamiko. Alinisubiri chini ya bawa, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo humfanya kila mmoja asogee.

"Pima muzuri," aliniambia. "Kama hii mashini iko mugonjwa, tutanunua ingine, mambo itakwisha. Kama iko muzima, basi mugonjwa njo komanda. Na komanda mugonjwa, mimi nitamushusha chini. Ni kaka yako, najua. Lakini sitaki watu wafe juu ya mutu moja."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Basi nikapima huku nikiomba ugonjwa. Sijawahi kuomba hivyo, kabla ya hapo wala baadaye. Niliwaarifu watu wa mnara, nikaifunika antena kwa kofia yake, kwa sababu usipoifunika, ndege za kweli huko juu zitaona mzimu, ndege isiyokuwepo. Nikaunganisha bomba la mpira kwenye tundu dogo ubavuni ambalo ndege hutumia kujua urefu wake, nikaanza kuvuta hewa taratibu. Ndege imesimama kwenye lami, kuku wa watu wanapita chini ya tumbo lake, nayo inaamini iko juu ya mawingu. Mshale wa altimeta, kile kipima urefu, unapanda. Mashine yangu inauliza, kisanduku kinajibu. Nikapandisha tena, kikajibu tena, sawa na mshale, bila kupunguza wala kuzidisha. Nikabadilisha waya wa antena. Kikajibu. Nikatikisa, nikagonga, nikakingoja kipate joto la mchana. Kikajibu. Nilikitukana kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na yaya, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka.

"Fundi," alisema, "mugonjwa hana homa, wewe unamulazimisha."

Hakujua ninatafuta nini. Au alijua.

Mchana ule tulikula kwa mama, wali na sombe na samaki wa mtoni. Mama angeweza kupumzika sasa, wajukuu wapo, lakini sombe iliyotwangwa na mtu mwingine haimpiti kooni. Nilingoja yaya anawe mikono, nikauliza. Sijui kuzunguka.

"Yaya, ukifika kwa mto, mukono wako unaendaka wapi?"

"Mukono gani?"

"Wa kuume."

Akacheka kidogo. "Iko kwa kazi yake. Mudogo wangu, hiyo mambo ya zamani niliachaka. Vita ilikwisha."

Nilimwamini kwamba anaamini. Uso wake haukuficha kitu. Lakini hasira yangu ilikuwa imeshapanda, hasira ya miaka yote ya michi iliyosimama, nikasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga kukisema mezani.

"Na ata ile wakati haikuwa na maana. Roketi haisikiake transponda. Inafuataka moto wa injini. Wale wa porini hawakuwa na kitu ya kusikiliza. Mungefunga mudomo, mungeacha wazi, ilikuwa sawasawa."

Mama alikuwa anatupakulia. Mwiko ulibaki hewani, wali ukamdondokea kwenye kanga.

"Basi tulinyamazaka bure?" yaya aliuliza.

"Bure, yaya."

"Wote?"

"Wote."

Alitazama sahani yake. "Na ule mwenzangu?"

"Hakuna mutu anajua nini ilimuua. Lakini haikuwa juu ya ile desturi. Ata ungemufundisha, ingekuwa vile vile. Si wewe."

Nilidhani nampa zawadi. Nilidhani atashusha pumzi, maana mzigo aliobeba tangu ile homa nilikuwa nimeutua chini mbele yake, na kumwonyesha kwamba ulikuwa mtupu. Yaya alinawa mikono tena, ingawa hakuwa amegusa chakula, akatoka nje. Mama akaniambia polepole, bila kunitolea jicho safari hii, "Mutoto, ile njo ilikuwa dua yetu."

Asubuhi yaya alikuja kunigongea mlango mwenyewe. Alikuwa amenyoa ndevu, shati jeupe limepigwa pasi. "Mwenye kampuni anasema upande na sisi, uone na macho yako," alisema. "Utaona. Leo mukono hautaenda popote."

Tulikwenda Kalima, na wakati wa kwenda nilikuwa nikijishughulisha na mashine yangu ndogo iliyokuwa mapajani, inayoniambia kama kisanduku kinajibu. Nilikaa kwenye kiti cha kukunjwa nyuma ya marubani. Kushoto yaya. Kulia kijana mmoja mrefu, mpole, aliyezaliwa vita ikiendelea, ambaye yaya ndiye aliyemlea kikazi tangu alipotoka shuleni. Kila alichokifanya yaya, yeye alikifanya: alikunja mikono ya shati namna ile ile, alisafisha miwani kwa ncha ya tai namna ile ile. Mimi aliniita mama, akaniuliza kama mkanda haunibani. Kalima tulipakia madumu ya mawese, mchele, na wanawake wa biashara, baadhi yao watu wazima waliomjua yaya tangu enzi za magunia. Walimtania kwamba anazeeka kabla ya ndege yake.

Kurudi ni mwendo mfupi. Msitu, mashimo mekundu ya wachimba madini ya bati, msitu tena. Nyuma yangu abiria walikuwa wanabishana bei ya mawese kwa furaha kubwa. Kisha mbele yetu mwanga ukabadilika, nikauona mto.

Kelele za nyuma zikakatika. Niligeuka. Mwanamke mmoja, nywele zake nyeupe chini ya kitambaa, alikuwa ameweka kiganja juu ya kinywa, na wengine wote, hata wasichana wasioweza kuikumbuka vita, walikuwa kimya. Simu iliyokuwa ikiimba ilizimwa. Na mimi nilikuwa nimeshaziba pumzi bila kujua.

Nilimtazama yaya. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, jambo ambalo komanda halifanyi wakati wa kushuka, kwani mkono wa kulia unatakiwa kwenye vishikio vya injini. Alikuwa amemwachia kijana vishikio hivyo. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimepauka, na jasho lilikuwa linamtiririka kutoka nyuma ya sikio mpaka kwenye ukosi wa lile shati lililopigwa pasi. Mto ulikuwa chini yetu sasa, wa kahawia, mpana, una mitumbwi. Mkono wake wa kulia haukutoka kwenye usukani. Nilitaka kumshika bega. Nilijivunia kaka yangu, nasema kweli, kama mtoto.

Mashine mapajani mwangu ikanyamaza.

Niliitazama kwanza, kama mpumbavu, nikidhani imekufa betri. Nilipoinua macho nikauona mkono wa kijana unarudi kwenye vishikio vya injini. Alikuwa ameizima transponda kwa ulaini kabisa, bila kuangalia, macho yake yakiwa nje kwenye mto.

Yaya naye aliuona.

"Unafanya nini?" aliuliza. Ilikuwa sauti ya kwanza kuisikia juu ya maji yale maishani mwangu.

"Nafunga mudomo, komanda. Tuko kwa mto."

"Nani alikufundisha?"

Kijana alimgeukia kwa mshangao wa mtu anayetegewa swali la mtihani. "Si wewe, komanda?"

"Nilikuambiaka lini?"

"Haukuniambiaka. Nilikuonaka."

Yaya aliutoa mkono wa kulia kwenye usukani, ule mkono alioufunga asubuhi nzima, akaiwasha transponda. Kidole chake kilibaki juu ya swichi. "Iache iseme," alisema. Mashine yangu ikaanza kujibu. Nyuma hakuna aliyesema neno mpaka tulipogusa lami, na mwanamke yule mwenye nywele nyeupe akamshukuru Mungu kwa sauti kama kawaida.

Mwenye kampuni alikuwa chini, mikono mfukoni. Hakumtazama yaya, alinitazama mimi. "Fundi, mugonjwa ni nani?"

Nilijua jibu kwa ukamilifu. Kisanduku kizima. Mkono uliozima leo ni wa kijana. Mikono iliyozima siku za helikopta, sijui, na sitajua kamwe. Lakini kumtaja kijana ni kumvunja kabla hajaanza, na kumtaja yaya baada ya kumwona alivyojizuia juu ya mto lilikuwa jambo ambalo ulimi wangu uliukataa mzigo wake. Nikasimama pale, mimi nisiye na subira na wanyamavu, nikanyamaza.

Yaya alishuka ngazi, akasimama kati yetu. "Mugonjwa njo mimi," alisema. "Huyu kijana alipatia ugonjwa kwangu. Munishushe mimi, yeye mumurudishe shuleni mwezi moja, atapona."

Hapakuwa na mabishano. Mwenye kampuni aliitikia kwa kichwa, na nadhani alihuzunika. Kijana alikuwa bado ndani anazima vyombo, hajui lolote.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yaya mbele, mimi nimebeba mashine yangu. Nilijaribu kuongea. Nilimwambia nitamtafutia kazi ya kufundisha, nikamwambia mkono wake ulishinda, mimi nilikuwa shahidi. Aliendelea kutembea. Karibu na ua wa mama tulisikia mchi, kisha ndege nyingine ikavuma upande wa mto, na mchi ukasimama. Yaya naye akasimama njiani, kichwa ameinamisha, mpaka ndege ilipotua na mama akaanza tena kutwanga.

"Ule sikumufundisha," alisema, "na huyu nimemufundisha."

Kisha akafungua lango, akamsalimia mama.